Pesa ya Leza

Stori ya leza ya macho imezunguka Konyo Konyo kama zinavyozunguka stori za vita: kila mtu ameisikia kwa mwingine, na kila anayeipokea anaongeza chumvi yake. Kuna video inayotumwa kwenye simu. Msichana amelala chini ya mashine, dakika chache baadaye anaamka, anasoma saa ya ukutani, analia kwa furaha. Sauti inasema hakuna kisu, hakuna maumivu, hakuna miwani tena maisha yako yote. Video ilipofika kwa mafundi simu ilikuwa inatibu kutoona mbali. Ilipofika kwa akina mama wa samaki ilikuwa tayari inatibu hata upofu wa wazee.

Mimi nafanya kazi na vijana. Kituo chetu kiko karibu na soko, na vijana wengi wanaokuja ni wale wanaofanya vibarua hapo: wanaosukuma mikokoteni, wanaotengeneza simu, wanaouza maji. Sekondari nilisoma Kakuma. Nilivyorudi Juba nilifikiri Kiswahili nimekiacha Kenya, kumbe Konyo Konyo kinaongewa kila kona. Waganda wanaoleta nyanya kupitia Nimule, Wakongo wa vitenge, Wakenya wa spea, na sisi tuliorudi kutoka kambini ambao Kiarabu chetu cha Juba watu wanakicheka. Naandika haya kwa ajili yenu mlioko kambini kwa sababu najua video hiyo imefika huko pia. Na kwa ndugu wa mashirika, nina ombi moja, litakuja mbele.

Kijana ninayetaka kuwaelezea ni fundi simu. Ana miaka 22. Alirudi kutoka kambini na mama yake na dada yake mdogo, mama akaanza kuuza samaki mkavu, yeye akapata meza ndogo chini ya mwavuli. Mikono yake ni ya ajabu. Anashika waya ambao mimi hata siuoni. Lakini ukisimama hatua kumi mbele yake ukampungia mkono, hakujui. Wateja wengine walikuwa wanasema ana maringo.

Miwani alikuwa nayo. Ya kwanza alipewa kambini wakati wa shule, ya pili alitengenezewa Juba, ya tatu tena Juba. Kila baada ya miezi sita au saba anasema hii imechoka. Na hata ikiwa mpya, jicho la kushoto lilikuwa linaona taa moja kama taa tatu. Katikati ya hapo alijaribu miwani ya sinia. Mnaijua, ile inayouzwa juani ikiwa imepangwa kwenye ubao, unajaribu moja moja hadi upate inayokufaa. Niseme hapa kitu kuhusu miwani ya sinia, kwa sababu watu wanaitukana bure. Kwa mama wa miaka 45 ambaye hawezi tena kutia uzi kwenye sindano, ile miwani ya kusomea inaweza kumsaidia vizuri kabisa. Kule Bangladesh walifanya utafiti, ukachapishwa 2024: watu wa miaka 35 hadi 65 walipewa miwani rahisi ya kuona karibu, wengine wakasubiri, na baada ya miezi minane kipato cha waliopewa kilikuwa kimepanda kwa asilimia 33 hivi kuliko cha wenzao. Lakini kijana asiyeona mbali akivaa miwani hiyo anaongeza ukungu juu ya ukungu. Lenzi yake ni ya upande mwingine kabisa.

Kilichomsukuma hasa ni kazi ya udereva. Alikuwa ameshajifunza kuendesha kwenye gari la mjomba wake, na shirika moja lilikuwa linatafuta madereva. Akaenda kwenye kipimo cha macho, hata na miwani hakufika mstari waliotaka. Akarudi kwenye meza yake, akakaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akaja kituoni kunionyesha ile video.

“Dada, hii kitu iko Nairobi. Nimeshauliza. Dola elfu moja na mia tano, macho yote mawili.”

Nikamwuliza pesa iko wapi.

“Mama anayo.”

Mama alikuwa nayo kweli. Pesa ya samaki, aliyoiweka kidogo kidogo kwa dola kwa sababu pauni yetu hailali pale ulipoilaza. Lakini pesa hiyo ilikuwa na wenyewe wengi. Dada mtu alikuwa anaingia sekondari. Nyumba ilikuwa inavuja. Na mjomba, ambaye ndiye mkubwa wa familia tangu baba yao afe, alikuwa amesema wazi kwamba hakuna mtu atakayebeba pesa ya mjane kwenda kuchomwa macho Nairobi.

Ikaitishwa kikao. Mimi niliitwa kwa sababu kijana alisema dada wa kituo anajua kusoma mambo ya intaneti na ataeleza. Kwa hiyo kabla ya Jumapili hiyo nilikaa na simu na daftari usiku tatu. Nilimwuliza pia muuguzi mmoja wa macho ninayemfahamu, mtu mwenye subira sana. Niliyoyaeleza kwenye kikao ni haya, na nitayaeleza hapa kwa maneno yale yale karibu, maana naona yalieleweka.

Nilianza na ukumbi wa video. Wote waliokaa kambini wanakumbuka ukumbi wa video, shilingi kadhaa unaangalia mpira wa Uingereza kwenye shuka jeupe. Projekta ikisogezwa vibaya, wachezaji wanakuwa ukungu. Shuka halina kosa, na projekta haijaharibika. Ni kwamba picha inakamilika kabla ya kufika kwenye shuka. Jicho lisiloona mbali liko hivyo: ni refu kidogo, au kioo chake cha mbele kimepinda kupita kiasi, na picha inakamilika kabla ya kufika nyuma ya jicho. Miwani ni lenzi nyingine unayoweka mbele ili picha isogee nyuma mpaka ifike. Leza haiweki kitu mbele. Inachonga kile kioo chenyewe cha jicho, kinachoitwa konea.

“Inachonga na nini?” mjomba akauliza.

“Na mwanga, mzee.”

Akaniangalia kama mtu anayeangalia muuza dawa wa stendi.

Basi nikawapa historia kidogo. Zamani madaktari walikuwa wanatumia kisu kweli. Kule Bogotá, Colombia, daktari José Barraquer alianza katikati ya karne iliyopita kutoa kipande cha konea, kukichonga na kukirudisha. Moscow, Svyatoslav Fyodorov akawa maarufu miaka ya 1970 kwa kuchanja konea mistari mistari kama miale ya jua. Wengine waliona vizuri, wengine macho yao yaliendelea kubadilika miaka ikipita. Halafu mwaka 1981, kwenye maabara ya kampuni ya IBM huko New York, mwanasayansi mzaliwa wa India, Rangaswamy Srinivasan, alichukua mabaki ya bata mzinga wa sikukuu ya nyumbani kwake akayapiga na aina ya leza inayotoa mwanga usioonekana. Leza ikakata safi bila kuunguza pembeni. Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel akaandika kwamba mwanga huo unaweza kuchonga konea. Mwaka 1988, New Orleans, daktari Marguerite McDonald akaitumia kwenye jicho linaloona la mwanamke mmoja aliyekuwa na saratani, jicho ambalo lilikuwa linakwenda kuondolewa. Yule mama alikubali kulitoa jicho lake lijaribiwe kabla halijaondoka. Akina mama waliokuwa kwenye kikao waliguswa na hapo kuliko mahali pengine popote. Mmoja akasema Mungu amrehemu.

Yaliyofuata niliyapitia haraka. Mwaka 1990 kule Krete, Ugiriki, Ioannis Pallikaris akaleta njia ya kufungua kifuniko chembamba juu ya konea, kuchonga chini yake, na kukirudisha, ndiyo maana mtu anaona vizuri kesho yake. Hiyo ndiyo inayoitwa Lasik. Marekani ikaruhusu leza ya kuchonga konea mwaka 1995. Baadaye ikaja leza ya mapigo mafupi mno, ambayo inakata hata kile kifuniko bila kisu. Waliogundua namna ya kutengeneza mapigo hayo, Donna Strickland na Gérard Mourou, walipata Nobeli ya fizikia mwaka 2018. Na sasa kuna njia inaitwa Smile ambapo leza inakata kipande kidogo ndani ya konea na daktari anakivuta kupitia tundu la milimita chache tu, bila kifuniko. Kwa hiyo video haikudanganya kwamba kitu hiki kipo. Kipo, na watu wanaona. Namfahamu mhasibu wa hapa Juba aliyefanyiwa Nairobi, mpaka leo anatembea bila miwani, na ukikutana naye atakueleza hata kama hukumwuliza.

Ila video haikusema unene. Hapo nilichukua laini ya simu kutoka kwenye meza ya fundi mwenyewe, nikaipitisha mkono kwa mkono. Konea katikati ina kama nusu milimita. Ni nyembamba kuliko laini ya simu. Kila pigo la leza linaondoa karibu robo ya elfu moja ya milimita, na kadiri miwani yako ilivyo kali, ndivyo inavyobidi kuondoa zaidi. Ukiondoa nyingi kwenye kioo chembamba, kioo kinalegea na kuvimba mbele. Ndiyo maana kabla ya leza kuna siku nzima ya vipimo, na ndiyo maana mtu hutakiwa awe amefikisha angalau miaka 18 na namba yake ya miwani iwe imetulia kwa mwaka mzima au zaidi.

Mama akageuka kumwangalia mwanawe. “Yako imetulia?”

Kijana hakujibu.

Bibi yao, ambaye alikuwa amekaa mlangoni na sikujua kama anasikiliza, akauliza kama hiyo leza itamtolea ule weupe. Ilibidi niseme hapana. Mtoto wa jicho ni kitu kingine: lenzi ya ndani imekuwa na ukungu, na dawa yake ni kuiondoa na kuweka ya bandia, upasuaji ambao hauhitaji safari ya Nairobi. Juba tuna kituo cha macho cha Buluk. Leza ya kuondoa miwani haitibu mtoto wa jicho, haitibu trakoma inayopindua kope, haitibu usubi unaowapofusha watu wa mtoni, haitibu presha ya macho. Katika nchi yetu hayo ndiyo yanayopofusha watu wengi, na hakuna hata moja kwenye ile video. Bibi akapelekwa Buluk wiki mbili baadaye. Hilo lilikuwa jambo la haraka kuliko yote yaliyotoka kwenye kikao kile, na halikuwa kwenye ajenda.

Mjomba alishikilia palepale. Lakini mama alisema kitu ambacho kilinyamazisha nyumba. Alisema, “Mimi nauza samaki aliyekauka. Najua kitu kikishaharibika hakirudi. Huyu aende apimwe. Wakisema ndiyo, tutakaa tena. Wakisema hapana, pesa inarudi nyumbani.” Akahesabu ya nauli, ya kulala na ya kipimo, na akiba juu yake, akaifunga kwenye kitambaa.

Basi la Juba hadi Nimule, Nimule hadi Kampala, Kampala hadi Nairobi. Wenye pesa wanaruka na ndege. Kabla ya vita ya Sudan ya Aprili 2023 wengine walikuwa wanakwenda Khartoum; vita hiyo ikaivuruga njia. Fundi alilala kwa rafiki wa kambini anayeishi Eastleigh, na asubuhi ya pili akaenda kliniki.

Alinipigia mchana. Sauti ilikuwa ya mtu anayejizuia.

“Wamekataa, dada.”

Nikafikiri ni pesa. Kumbe walimweka kidevu kwenye mashine, akatazama duara zenye mwanga, mashine ikapiga picha ya konea na kutoa ramani ya rangi, kama ramani za jiografia tulizosoma darasa la saba, kijani kwa bonde, nyekundu kwa mlima. Kwenye jicho la kushoto mlima ulikuwa mkubwa, chini kidogo ya katikati. Kulia ulikuwa unaanza. Daktari akamwambia ugonjwa unaitwa keratokonasi: konea inakuwa nyembamba na kuchongoka mbele kama koni. Ndiyo maana namba inabadilika kila miezi, ndiyo maana miwani mipya haitoshi, ndiyo maana taa moja inakuwa tatu. Halafu akamwuliza swali ambalo sisi wote tuliomjua tangu kambini tungeweza kulijibu.

“Unasugua macho?”

Ndugu zangu, nani hakusugua macho Kakuma? Lile vumbi, lile joto, ule muwasho wa aleji unaoanza mtoto akiwa mdogo na unamfanya asugue kwa ngumi mpaka macho yawe mekundu kama pilipili. Katika nchi zenye joto na vumbi aleji hiyo ya macho inawapata watoto wengi. Na kusugua kwa nguvu, mwaka baada ya mwaka, kunaendana sana na konea kulegea. Tulikuwa tunamcheka mtoto wa hivyo, tunasema amelia. Mama yake alikuwa anamwosha na maji baridi, na kumbe maji baridi yalikuwa mazuri, kusugua ndiko kulikuwa kubaya.

Sasa fikiria angepata mtu mwenye haraka, mashine bila ramani. Konea iliyolegea tayari, unaichonga iwe nyembamba zaidi. Madaktari walilijua hilo kwa njia ngumu. Theo Seiler wa Ujerumani alikuwa mmoja wa waliotangulia kutumia leza hii kwenye jicho miaka ya 1980. Mwaka 1998 huyo huyo akaandika juu ya wagonjwa ambao konea zao zilivimba mbele baada ya Lasik. Na jina lake linarudi tena mwaka 2003, pamoja na wenzake wa Dresden, walipochapisha dawa ya keratokonasi: unaweka matone ya vitamini B2 kwenye konea, nusu saa, kisha unaimulika na mwanga wa urujuanimno nusu saa nyingine, na nyuzi za konea zinashikana zaidi, inakuwa ngumu, mlima unasimama hapo ulipofika. Hauondoki. Macho hayarudi kuwa ya kijana wa kwenye video. Unaokoa kilichobaki, na baadaye unavaa miwani au lenzi ngumu ya kuweka jichoni. Kwangu mimi, katika maendeleo yote ya macho niliyoyasoma zile usiku tatu na baada yake, hili ndilo kubwa kwa watu wetu, na halina video ya mtu anayelia kwa furaha.

Fundi hakuliona hivyo siku ile. Alisema wamekula pesa ya kipimo. Alisema angejua angebaki na meza yake. Alikuwa na akiba mkononi iliyotosha kutibiwa jicho moja na nauli ya kurudi, au kurudi na pesa yote iliyobaki kama mama alivyosema. Daktari alimshauri waanze na jicho la kulia, lililo zima zaidi, kwa sababu ndilo lenye kitu cha kuokoa na lilikuwa limeshaanza kwenda. La kushoto lifuate, na lisikawie.

Akampigia mama. Mimi sikuwepo kwenye simu hiyo. Mama aliniambia baadaye kwamba kijana hakuomba. Alieleza tu, kisha akanyamaza, na mama akamwambia, “Lifanye la kulia.” Mjomba hakuulizwa. Alikuja kujua siku kijana alipoteremka kwenye basi na miwani nyeusi, na kwa wiki kadhaa hakukanyaga nyumba ile.

Siku tatu za kwanza jicho lilimuuma vibaya, machozi, hawezi mwanga. Hilo lilitarajiwa, ngozi ya juu ya konea inakuwa imetolewa. Baadaye likatulia. Sokoni walimpokea kwa kelele. “Leza imekushinda?” Kwa sababu alirudi na miwani, na kwa watu wa soko mtu aliyekwenda Nairobi kutoa miwani akarudi nayo ametapeliwa. Yeye alikuwa anawajibu kwa kuwaomba walete simu zilizokufa. Nilimwona akifanya kitu nilichokuwa nimekiona miaka yote bila kukifikiria: ili kuona waya mdogo, anavua miwani na kusogeza uso. Jicho lisiloona mbali linaona karibu sana bila msaada. Muuguzi aliniambia hata wasioona mbali wenye konea nzima, leza ikiwarekebisha, wakifika miaka 40 na kitu watahitaji miwani ya kusomea kama wenzao. Kwa fundi simu hilo si jambo dogo. Hakuna aliyemweleza kabla.

Dada yake alianza muhula akiwa amechelewa wiki tatu. Karo ilipatikana kwenye sanduku la akina mama wa samaki, na sasa mama yao analipa kila Ijumaa. Naliandika hili kwa sababu stori za matibabu mara nyingi zinamsahau mtu aliyebaki nyumbani akisubiri zamu yake ya pesa.

Sisi kituoni tumefanya kidogo. Tumebandika ukutani chati ya herufi E zinazotazama juu, chini, kushoto, kulia. Tumepima mita sita kwa kamba na kupaka mstari wa rangi sakafuni. Asiyejua kusoma anaonyesha kwa vidole E imetazama wapi. Kila kijana anayejiandikisha anasimama kwenye mstari, anaziba jicho moja, halafu jingine. Fomu yetu ilikuwa inauliza umri, shule, wazazi, chakula cha siku, kila kitu, na haikuwahi kuuliza kama mtu anaona ubao. Tumeongeza maswali mawili: miwani yako imebadilika mara ngapi, na macho yanawasha?

Lakini kupima ni nusu ya njia, na hapa ndipo ombi langu kwa watu wa mashirika. Trans Nzoia, Kenya, Daktari Hillary Rono na wenzake walijaribu jambo hili katika shule 50, matokeo yakatoka 2018. Upande mmoja walimu walipima watoto kwa programu ya simu inayoitwa Peek, na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe wa simu. Upande mwingine walimu walitumia kadi ya kawaida na mtoto akapewa karatasi ya kwenda hospitali. Kwa kila watoto 100 waliokutwa na shida, kwa njia ya simu 54 walifika hospitali. Kwa njia ya karatasi walifika 22. Karatasi tunazo nyingi. Tunachohitaji ni mtu wa kumpigia mzazi, na nauli. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu 100 wasioona mbali kwa ajili ya kukosa miwani, 36 tu duniani ndio wanaopata miwani inayowafaa, na mwaka 2024 lilianzisha mpango wa kuongeza idadi hiyo kabla ya 2030. Mpango huo unapofika kambini, tafadhali usije na maboksi ya miwani peke yake. Mje na mtu mwenye mashine ya kupiga ramani ya konea hata mara moja kwa mwaka, na matone ya aleji kwa watoto wanaosugua macho, kabla hawajafika miaka 22.

Na kwa kijana anayesoma hapa akiwa na pesa ya leza, au ndugu wa Marekani aliyeahidi kutuma: sikukatazi. Kama umevuka 18, namba yako imekaa mwaka bila kusogea, miwani yako inakufikisha vizuri mpaka chini ya chati, nenda ukapimwe, na uombe kuona ramani yako. Wakikwambia hapana, uliza kwa nini, waandike jina la ugonjwa kwenye karatasi, na karatasi hiyo uitunze pamoja na zile za usajili.

Fundi ameweka kopo la maziwa chini ya meza yake, lenye tundu juu. Kila simu anayoifufua, noti moja inaingia. Kipimo cha mwisho alichofanya, jicho la kulia namba haijasogea. La kushoto limesogea tena. Kliniki wanataka dola, kopo lina pauni, na Jumatatu iliyopita wabadilisha pesa wa sokoni walikuwa wamepandisha bei tena kabla ya saa nne asubuhi.